Rangi yako haijachoka, ina vipele

Shangazi alishuka kwenye basi la Morogoro, akapanda bodaboda hadi kwangu Tabata, na kabla hajavua viatu akasimama mlangoni akinusa. "Nani anaweka kalikiti humu ndani?"

Hakuna aliyekuwa anaweka kalikiti. Nilikuwa uani na Toyota IST yangu nyeupe, nimetoka kuipulizia dawa ya kuyeyusha chuma kwenye mlango wa nyuma, na harufu yake, ya yai viza lililopitia saluni, ilikuwa imeingia dirishani mpaka sebuleni. Nikaenda kumwamkia, akaitikia marahaba huku bado anakunja pua, nikamwonyesha chupa. Akacheka sana. Lakini pua yake haikukosea. Kinachofanya kazi ndani ya dawa zile ni thioglikoleti, jamii ileile ya kemikali iliyokuwamo kwenye dawa za kalikiti miaka ya 1980, enzi ambazo shangazi alikuwa akilalia kofia ya nailoni ili asichafue mito. Kichwani ilikuwa inavunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake. Kwenye gari inazishika chembe za chuma zilizojipachika kwenye rangi, na ikishazishika inageuka zambarau. Alitoka kuangalia. Mlango ulikuwa unachuruzika michirizi ya zambarau, kila mmoja unaanzia kwenye kidoa kisichozidi ncha ya sindano.

"Kumbe na gari lina mba," akasema.

Sijawahi kusikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko hapo, na nimesikiliza mafundi wengi. Tunaosha magari yetu kila wiki, wengine kila siku, lakini tunachoondoa ni vumbi na tope, yaani uchafu uliokuja kutembea. Uko mwingine uliohamia. Umeng'ang'ania, umeota mizizi, sabuni inapita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Gari linatoka kuoshwa linameremeta, ukilipapasa linakwaruza mkono.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimempelekea gari hilohilo fundi rangi mmoja. Akalizunguka mara moja, akagusa boneti kwa kidole, akatoa hukumu: "Rangi imechoka hii, kaka. Tupige kompaundi." Nikakubali, maana hukumu ya fundi ina uzito, na kwa kweli lilitoka linawaka. Ulipofika mwezi wa pili tangu siku hiyo, ule ukavu wa rangi ukaanza kurudi. Nikarudi kwake, akasema tupige tena. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na nilichokisoma kilinikasirisha.

Rangi ya gari la kisasa ni tabaka juu ya tabaka, na lile la juu kabisa, ambalo mafundi wetu wanaliita klia, kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele mmoja wa kichwani una kama 70. Kwa hiyo ule mng'ao wote unaousifia umekaa kwenye kitu chembamba kuliko unywele, na kompaundi inang'arisha kwa kukwangua hicho hicho. Haikurudishii chochote. Fundi akipiga kompaundi juu ya rangi yenye vipele vya chuma, anasawazisha vichwa vya vipele na kuviacha vimezama, halafu chembe nyingine zinang'oka, zinanasa kwenye pedi ya mashine na kuanza kuchora duara juu ya boneti yako. Ukitoka unaona mng'ao. Ukisimama chini ya taa ya kituo cha mafuta usiku unaona utando wa buibui.

Msimamo wangu basi ni huu: gari nyingi tunazoambiwa zimechoka rangi hazijachoka. Zimebeba mzigo. Kabla ya mtu yeyote kugusa mashine ya kung'arishia, mzigo ushushwe kwanza, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani asubuhi moja, tena kwa vitu vichache kuliko wanavyotaka kukuuzia.

Pa kuanzia ni mkono. Osha gari vizuri, lifute, halafu vaa kifuko chepesi cha plastiki mkononi na upitishe vidole taratibu juu ya boneti, paa na buti. Plastiki inazuia ngozi yako isinate kwenye rangi, kwa hiyo vidole vinasikia kila chembe. Zamani ningesema chukua mfuko wa rambo, lakini rambo tuliziaga Juni 2019, na kusema kweli hili ndilo jambo pekee ninalozikumbukia. Kifuko cha mkate kinatosha. Ukisikia kama unapapasa kioo, ahirisha kazi, kanywe chai. Ukisikia kama unapapasa msasa wa fundi seremala, endelea kusoma.

Swali ambalo huwa naulizwa ni huo uchafu unatoka wapi, maana gari halijapita shambani. Unatoka mjini. Pedi za breki, zako na za aliye mbele yako, zinasagika pamoja na diski na kurusha vumbi la chuma; ndiyo maana rimu zako ni nyeusi na ndiyo maana sehemu ya nyuma ya gari, pale hewa inapojikunja, huwa na vipele vingi kuliko milango ya mbele. Barabara zinazowekwa lami mpya zinakurushia matone meusi chini ya milango. Mwembe unadondosha utomvu. Kunguru, ambao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na tangu hapo hawajatuomba radhi, wanaangusha kitu ambacho kikikaukia juani kinaweza kuacha alama ndani ya klia yenyewe. Na maji ya kisima: sehemu kubwa ya Dar tunaoshea maji yenye chumvichumvi, tunaliacha gari likauke lenyewe, halafu tunashangaa madoa meupe ya duara.

Lakini mkosaji mkuu kwangu alikuwa grainda. Karibu mwaka mzima nililaza gari mita chache kutoka kwa fundi wa mageti na madirisha. Mtu yeyote wa Dar anawajua mafundi hawa, wapo kila mtaa, na zile cheche zao jioni zinapendeza kama fataki. Kila cheche ni kipande cha chuma chekundu kwa moto. Kinaruka, kinatua kwenye rangi, kinaichoma kidogo na kujipachika, kinapoa humo humo. Unyevu wa pwani ukikikuta kinaanza kuota kutu. Baada ya wiki chache gari jeupe linatoka madoa ya rangi ya chungwa, na mwenye gari anapiga simu kwa aliyemuuzia akilalamika kwamba bodi inaoza. Bodi haiozi. Inayooza ni ile chembe ngeni, ingawa ukiiacha miaka itaipasua klia na kupalilia njia ya maji kuingia. Wenye magari meusi na ya fedha wanatucheka sisi wa nyeupe. Wanazo hizo chembe vilevile, wao hawazioni tu.

Sasa kazi yenyewe. Kanuni yangu ni kwamba kinachogusa rangi kiwe cha mwisho. Mitandaoni kuna vijana wanaoosha gari na kurukia moja kwa moja kwenye klei, kile kinata cha kuzolea uchafu uliojipachika kwenye rangi, wanasugua weee, kwa sababu klei inapendeza kwenye video. Mimi naona huko ni kutafuta mikwaruzo kwa mkono wa kulia. Kila kinachoweza kuyeyuka kiyeyushwe kwanza, na klei ipewe mabaki tu.

Nianze na lami, maana hapa kuna ugomvi. Wataalamu wa chupa za bei mbaya watakwambia usithubutu kutumia mafuta ya taa. Sikubaliani nao. Mafuta ya taa ni kiyeyusho, lami inayeyuka ndani yake, na kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo, kikawekwa juu ya doa dakika moja kisha kikafutwa bila kukandamiza, kinafanya kazi ile ile. Sharti moja tu: ukimaliza osha sehemu hiyo kwa shampuu, kwa sababu yanaacha utando wa mafuta ambao vumbi linaupenda. Petroli hapana, kwa sababu ya moto kwanza, mengine baadaye. Na thina isikaribie gari kabisa. Gari nyingi za huku zimewahi kupulizwa upya sehemu fulani, bampa, fenda, mlango uliogongwa na bajaji, na huwezi kujua fundi alitumia rangi gani. Thina inaweza kuibeba rangi hiyo yote na kukuachia msiba. Hata hayo mafuta ya taa, jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, simama.

Madoa ya maji ya kisima yanataka asidi kidogo, kwa sababu ni madini ya chokaa. Siki nyeupe ya jikoni, nusu kwa nusu na maji, dakika moja au mbili kivulini, suuza. Yakigoma maana yake yameshachimba, na hapo hakuna cha kuyeyusha tena.

Halafu ndiyo kalikiti. Ile dawa ya chuma inapuliziwa kwenye gari lililooshwa, lililopoa, kivulini. Naomba nisisitize hilo la kivulini, maana saa sita mchana Dar boneti inakaanga yai, na dawa ikikaukia juu ya rangi inaweza kuacha madoa mapya ambayo hukuwa nayo. Mimi naanza saa moja asubuhi. Unapulizia upande mmoja, unasubiri dakika 3 hadi 5, unaangalia zambarau ikichuruzika, unasuuza kwa maji mengi kabla haijakauka. Vaa glavu, simama upande upepo unakotoka, watoto wawe ndani. Husugui kitu. Huo ndio uzuri wake: chembe inalegea na kuondoka bila mkono kuigusa.

Ile zambarau ina ulevi wake, nikiri. Mara ya kwanza nilimaliza chupa nzima kwa kutaka tu kuona inatoka tena. Nilipulizia hata paa, ambalo halikuwa na kitu, nikasimama nikisubiri kama mtu anayesubiri mwandamo wa mwezi. Kama haigeuki rangi, hapana chuma, weka chupa chini. Pesa zako zinahitajika zaidi kwenye rimu, milango ya chini na buti.

Baada ya hapo, pitisha tena kifuko cha mkate. Kuna gari ambazo hapa ndipo zinapoishia, laini, na klei haihitajiki. Yangu ilihitaji.

Klei si udongo wa mfinyanzi, ingawa jina lina maana hiyo. Ni kipande laini cha plastiki kilichochanganywa na chembe laini sana za kukwangulia, na ukikikanda mkononi kina tabia ya bigijii iliyotafunwa nusu saa. Ni kitu cha Wajapani. Tadao Kadate alipewa hataza yake Marekani mwaka 1995, na nafurahi kidogo kuwaza kwamba gari langu na dawa yake walitoka nchi moja. Kinavyofanya kazi ni rahisi. Rangi ikiwa imeloweshwa vizuri, klei inateleza juu ya utelezi huo karibu bila kuigusa rangi yenyewe, lakini kila kilichochomoza kinakutana nayo, kinakatwa na kunaswa ndani yake. Kwa hiyo kila kitu kinategemea utelezi. Unaweza kununua maji maalumu ya kupulizia. Mimi natumia shampuu ya gari kwenye ndoo, na sioni tofauti. Sabuni ya unga isitumike, inakata nta na ina chembe ambazo hazijayeyuka.

Kata kipande, kiponde kiwe bapa kama chapati ndogo ya vidole vitatu. Fanya sehemu ndogo, kama nusu mita kwa nusu mita. Lowesha, pitisha kwa mistari ya kwenda na kurudi, usizungushe, na usikandamize. Uzito wa vidole unatosha. Sikiliza. Mwanzoni inakwaruza, unaisikia kama mtu anayepitisha kucha kwenye mkeka. Ukienda na kurudi mara kadhaa sauti inafifia, halafu inakufa, na mkono unateleza kana kwamba kuna mtu ameuvuta. Hapo hama. Geuza klei uone ilichobeba, na kwa gari unalodhani ni safi hicho utakachokiona kitakutia aibu. Ikunje uchafu ubaki ndani, ponda upya, endelea. Mambo ya kuilowesha kwenye maji ya moto ili ilainike ni ya watu wa nchi za baridi. Huku tatizo letu ni kinyume, ikipigwa jua inageuka uji na kunata kwenye gari.

Na ikikuponyoka ikaanguka chini, itupe. Itupe palepale, hata kama ni mpya, hata kama ulinunua kwa bei ya kuku wa kienyeji. Mimi yangu ilianguka uani. Nikaiokota, nikaipangusa kwenye suruali, nikaikunja mara mbili nikijidanganya kwamba mchanga umeingia katikati. Ile michirizi iliyo kwenye fenda ya kushoto ya gari langu, mirefu, iliyonyooka kwa adabu kama mistari ya daftari, hakuichora fundi yeyote.

Kioo cha mbele usikisahau. Hapo klei inafanya maajabu, waipa zinaacha kupiga kelele.

Kuna gari ambalo sitaligusa kwa klei, na mwenye gari ananuna nikimwambia. Ni lile ambalo klia imeanza kubabuka, ile ngozi ya nyoka unayoiona juu ya paa na boneti za gari zilizokaa juani miaka mingi. Klei itakamata kingo za magamba hayo na kuyainua zaidi. Hapo rangi imechoka kweli, fundi rangi ana haki yake, na hakuna chupa ya mtu yeyote itakayobadilisha hilo.

Wanaopiga klei kila mwezi nao siwaelewi. Hata ikifanywa kwa ustadi inaacha mikwaruzo myembamba, na kwenye gari jeusi utaiona. Mimi nafanya mara moja kwa mwaka, Juni, masika yamekwisha na asubuhi zina ubaridi. Siku hiyohiyo napaka nta, kwa sababu klei imeondoa kila kinga iliyokuwepo na rangi iko uchi. Si lazima iwe nta ya ajabu. Ya kopo la kawaida, ikapakwa nyembamba, ni bora kuliko ya gharama iliyobaki dukani. Katikati ya mwaka ninachofanya ni kuosha kwa utaratibu: ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa, kuanzia paa kushuka, rimu na kitambaa chake peke yake. Kijana wa pale tunapooshea magari, ambaye sponji yake moja inapita kwenye matairi na kupanda hadi kwenye boneti bila kituo, aliniona nashusha ndoo zangu akaniuliza, "Bosi, gari gani hii inaogeshwa kama mtoto wa siku arobaini?" Sasa anasubiri nimalize ili aniazime kitambaa.

Gari sikulihamisha moja kwa moja kutoka kwa yule jirani wa grainda, maana nafasi za kuegesha mtaani kwetu si za kuchagua. Nililigeuza tu, likatazama ukutani, na nikamwomba aegeshe bati kati yetu anapokata vyuma. Aliona ni maringo. Jioni moja akaja na Noah yake, nyeupe pia, akisema inaanza kutu na anatafuta fundi wa kuipiga rangi upya. Nikamvalisha kifuko cha mkate mkononi. Akapitisha vidole kwenye boneti mara moja, akapitisha tena, akanyamaza, akageuka kuitazama grainda yake.